Shujaa Asiyeitaka Safari

Maudhui ya mazungumzo yetu ni swali ambalo aghalabu wasomaji wa riwaya za ajabu, zile za majoka na pete na falme zisizokuwamo katika ramani yoyote, hulipita bila ya kulisimamia: kwa nini mioyo yetu humwelekea zaidi yule shujaa asiyetaka kuwa shujaa, anayetoka nyumbani kwake huku akigeuka nyuma kila hatua, kuliko yule aliyezaliwa na upanga mkononi na kiu ya vita moyoni? Jawabu la haraka linajulikana, nalo husemwa kila mahali, ya kwamba sisi wenyewe tu wanyonge na waoga, basi tumwonapo mnyonge mwenzetu ameshinda, hujiona tumeshinda naye. Sina ugomvi mkubwa na jawabu hilo, ila naliona fupi. Waoga katika vitabu ni wengi mno, na wengi wao twawacheka au twawachukia. Uoga peke yake haujapata kumpendekeza mtu kwa msomaji. Nadhani liko jambo jingine nyuma yake, nami nitajaribu kulifikia kwa kuanza na barua ya kazi.

Tarehe 21 Septemba mwaka 1937, kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilitoa kitabu cha Profesa J.R.R. Tolkien wa Oxford kiitwacho The Hobbit. Mswada wake ulikuwa umepitiwa kwanza na mtoto wa miaka 10, Rayner Unwin, mwana wa mwenye kampuni, aliyelipwa shilingi moja ili aandike rai yake, na rai yake ikawa kwamba kitabu ni kizuri. Wala sidhani kwamba pana shilingi nyingine iliyozaa faida kubwa kuliko hiyo katika biashara ya vitabu. Mhusika mkuu, Bilbo Baggins, ni hobiti, yaani mmoja wa watu wafupi wa kubuniwa wanaokwenda miguu mitupu kwa kuwa nyayo zao ni ngumu na juu zimeota manyoya, nao hupenda chakula, bustani, na majirani wasiosumbua. Umri wake ni miaka 50, hana mke wala deni, na nyumba yake iliyochimbwa ubavuni mwa kilima ina vyumba vingi kuliko haja ya mtu mmoja. Siku moja mzee wa miujiza aitwaye Gandalf anamletea wageni asiowaalika, vibete 13 wenye ndevu, wanaomaliza keki zake zote kisha wakamweleza kwamba wanakwenda kumnyang'anya joka hazina ya babu zao, na kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa awe mwizi wao. Aliposikia kwamba huenda wengine wasirudi, Bilbo alipiga ukelele akaanguka chini anatetemeka.

Asubuhi yake akaamka, wageni wamekwenda zao, roho imemtulia, na mara akaonyeshwa barua iliyowekwa chini ya saa, juu ya meko. Barua hiyo ni mkataba. Inasema kwamba malipo yatatolewa kazi ikiisha, nayo hayatazidi fungu moja katika mafungu 14 ya faida yote, kama faida itapatikana. Kwamba gharama za njiani ni juu ya wenye safari. Na kwamba gharama za maziko nazo ni juu yao, au juu ya mawakili wao, pindi haja ikitokea. Anapewa dakika 10 afike kwenye nyumba ya wageni ambako wenziwe wanamngoja saa 5, naye anatoka mbio bila kofia, bila bakora, bila hata senti mfukoni, chakula chake cha pili cha asubuhi kimeachwa nusu na vyombo havikuoshwa. Na akiisha kukutana nao, miongoni mwa shida anazozitaja mara moja ni kwamba amesahau leso.

Leso hiyo, kwangu mimi, ina uzito kuliko upanga wowote atakaouokota baadaye. Mtu haikumbuki leso ila awe na nyumba yenye sanduku la leso, na aliye na nyumba ana kitu cha kuacha, na aliye na kitu cha kuacha ndiye pekee tuwezaye kuupima ujasiri wake, maana tunaijua bei anayoilipa. Shujaa anayekurupuka kwenda vitani kwa furaha huenda ana ujasiri mkubwa, lakini hatuna mizani ya kuupimia, kwa kuwa hatumwoni akitoa kitu chochote ambacho angalitamani kubaki nacho. Asitaye ametupa mizani. Kusita kwake ni hesabu: ameyatazama yaliyo nyumbani na yaliyo njiani, akajumlisha na kutoa, akaona waziwazi kwamba anapata hasara, kisha akaenda. Msomaji naye, ambaye siku zake zote hupita katika hesabu za namna hiyo hiyo, za ada na kodi na nauli na mgonjwa nyumbani, humtambua mara moja.

Na Tolkien, aliyekuwa mtu makini katika mambo madogo, hakuiacha hesabu hiyo njiani. Bilbo alipoingia peke yake katika shimo refu lililoelekea kwa joka, akaona mwanga mwekundu mbele yake na kusikia mkoromo, alisimama. Na mwandishi anatuambia kwamba hatua alizopiga baada ya kusimama hapo ndizo zilizokuwa jambo la ushujaa kupita yote aliyoyatenda, kwa kuwa vita vyenyewe alivipigana humo gizani, na nafsi yake, kabla hajaiona hatari kwa macho. Na aliporudi kwao mwakani, mwezi Juni, alikuta mnada mlangoni pake. Alidhaniwa amekufa, madalali walikuwa wanauza samani zake, jamaa zake waliokuwa wakiitamani nyumba wanapima vyumba kwa macho na kwa kamba, naye ikambidi anunue upya vitu vyake mwenyewe ili mambo yaishe upesi. Vijiko vyake vingi vya fedha havikuonekana tena. Sifa yake ya mtu mstaarabu nayo ilikwisha, kwa kuwa katika nchi ile mtu mwenye murua hatoki nyumbani kwenda kutafuta visa. Katika kitabu hiki ushujaa una risiti zake, na kwenye risiti hizo vijiko vimeandikwa.

Tolkien hakuwa wa kwanza kumwandikia shujaa wake mkataba. Wazee wetu waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha H. Rider Haggard cha mwaka 1885 ambacho Frederick Johnson alikifasiri kwa Kiswahili na kikachapishwa mwaka 1929, muda mfupi kabla hajawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili, watamkumbuka Allan Quatermain, mwindaji wa tembo, ambaye tangu mwanzo wa masimulizi yake anakiri kwamba yeye ni mtu mwoga asiyependa ugomvi. Sir Henry Curtis anapomwomba aongoze msafara wa kumtafuta ndugu yake aliyepotea ng'ambo ya jangwa, Quatermain hainuki na kushika bunduki. Anaomba muda wa kufikiri, na jawabu lake linakuja na masharti: alipwe pauni 500 kabla ya kuondoka, na iandikwe hati kwamba akifa au akilemaa, mwanawe Harry, anayesomea uganga London, atapewa pauni 200 kila mwaka kwa muda wa miaka 5. Kisha anasema wazi kwamba hatazamii kurudi hai. Huo ndio wakati ambapo mimi husadiki kwamba Quatermain ni mtu na si picha ya mtu. Baba anayekwenda kufa ameshalipa karo ya mwanawe. Kitabu hicho kina mashujaa wa sura nzuri, Sir Henry mwenye kimo na Umbopa mwana wa kifalme, wanaopigana kwa shoka mpaka damu ikawatapakaa, lakini Haggard, ambaye mengine yake mengi juu ya Afrika yanahitaji kusomwa kwa macho mawili, alikuwa na busara ya kutompa mmoja wao ulimi wa kusimulia. Ulimi alipewa mwoga, na tangu hapo sisi wasomaji twaiona vita kwa macho ya mtu anayetamani angekuwa kwingine.

Sisi wa pwani tulilelewa na shujaa wa namna nyingine kabisa. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi wake mwaka 1913, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alipotiwa gerezani, tupa ilipenyezwa kwake ndani ya mkate uliochukuliwa na mjakazi Saada, akakata minyororo huku ngoma inalia nje. Na alipokufa amepiga goti kisimani na uta mkononi, watu wa mji walikaa na kiu kwa kuogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Twamstaajabia Liyongo kama tunavyoistaajabia bahari iliyochafuka, tukiwa ufukweni. Lakini nani kati yetu aliyepata kujiona ndani yake? Nadhani pana mahali pamoja tu, napo ni pale mwanawe, aliyehadaiwa na maadui, anapomwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua, na baba akamtajia sindano ya shaba kitovuni. Hapo kwa mara ya kwanza jabari yule ana kitu ambacho nguvu zake haziwezi kukilinda, na hapo ndipo anaposhuka kutoka katika adhama yake akaketi nasi mkekani.

Wala kusita si aibu ya watu wadogo tu. Vitabu vya dini, ambavyo haviko daraja moja na hekaya, nami naomba nisidhaniwe kwamba navilinganisha, vimetuhifadhia habari za Nabii Musa, aliyepotumwa kwa Firauni akataja uzito wa ulimi wake na kuomba nduguye Harun afuatane naye, na habari za Nabii Yunus, aliyewaondokea watu wake kwa hasira akaingia chomboni mpaka akamezwa na samaki. Watu waliozisikia habari hizi tangu utotoni, chuoni au kanisani, hawana budi kumwelewa mtu anayeitwa na jambo kubwa naye akatamani liwe limemwita mwingine.

Sasa turudi kwa Tolkien, kwa sababu maisha yake yanaeleza mengi. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 4, na mama yake akiwa na miaka 12. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, vijana wa hirimu yake walikimbilia kujiandikisha kwa nyimbo na bendera, ilhali yeye alibaki chuoni amalize mtihani wake, na jamaa zake hawakuficha kwamba jambo hilo limewaudhi. Alipokwisha kupata shahada mwaka 1915 ndipo akaingia kikosi cha Lancashire Fusiliers, afisa wa cheo cha chini. Mwezi Machi mwaka 1916 akamwoa Edith Bratt. Mwezi Juni akavushwa kwenda Ufaransa, na huko akatiwa katika mapigano ya mto Somme. Homa ya mahandaki, ile inayoletwa na chawa, ndiyo iliyomrudisha Uingereza mwezi Novemba, na vita vilipokwisha mwaka 1918, katika marafiki zake wa chanda na pete alikuwa amebaki mmoja tu.

Mtu wa historia hiyo hawezi kuandika juu ya vita kama aandikavyo mtu aliyevisoma katika mashairi. Katika The Lord of the Rings, kitabu kilichotoka kwa juzuu 3 miaka ya 1954 na 1955, mwenye kubeba dhima kubwa, ya kuiteketeza pete ya hatari katika mlima wa moto, ni Frodo, mrithi wa Bilbo, lakini anayembeba Frodo ni Sam Gamgee, mtunza bustani wake, ambaye hata hakuchaguliwa: alikamatwa akisikiliza dirishani mambo yasiyomhusu, na adhabu yake ikawa kwenda. Tolkien alikiri kwamba Sam alitokana na askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowajua vitani, watu aliowaona kuwa bora kuliko nafsi yake. Sam huenda safari ya kuokoa ulimwengu akiwa na sufuria mgongoni na kikopo cha chumvi. Anazibeba sufuria hizo kupita milima na vinamasi, mpaka katika nchi ya adui, mahali pasipo na kitu cha kupika, ambapo bwana wake hana tena nguvu hata ya kubeba nguo zake. Hapo Sam anakwenda kwenye ufa wa ardhi na kuzitupa, na mlio wa kuanguka kwake unamchoma moyo. Baadaye kidogo anamweka Frodo mgongoni na kuupanda mlima wa moto.

Vita vile vile vya mwaka 1914 vilipofika kwetu, maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabeba risasi na unga wa majeshi ambayo ugomvi wake haukuwahusu, na wengi hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam iko hata leo mahali palipokuwa kambi ya wapagazi hao. Wengi wao hakuna aliyewauliza kama wanataka. Mjukuu wa mtu kama huyo akisoma habari za Sam na sufuria zake, nasadiki kwamba atasoma kwa jicho ambalo hata wahakiki wa Oxford hawanalo, kwa sababu katika nyumba yake historia ya vita haikusimuliwa kwa majina ya majenerali, ilisimuliwa kwa uzito wa mzigo.

Yako mengine ndani ya kusita kwa Frodo, nayo yanagusa mamlaka. Pete anayoibeba humpa mwenye nayo uwezo wa kutawala nia za wengine, na mara tu alipoijua asili yake alitaka kumkabidhi Gandalf, aliye na hekima kuliko yeye. Gandalf alikataa kwa hofu, akieleza kwamba pete ingemwingilia kwa mlango wa huruma, kwa tamaa ya kupata nguvu za kutenda wema. Galadriel, bibi wa msituni, naye alipewa fursa hiyo akaikataa baada ya kujaribiwa vikali. Aliyeitaka ni Boromir, askari hodari, mwana wa mtawala, ambaye hakuitaka kwa ubaya. Mji wake ulikuwa unashambuliwa naye alitaka silaha ya kuulinda, na kwa njia hiyo nzuri akafika mahali pa kumrukia mwenzake mdogo amnyang'anye. Na kabla hata ya majaribu ya Galadriel na Boromir, katika baraza la nyumba ya Elrond, mwenyeji wao, wakubwa wote wamenyamaza, Frodo, aliyekuwa akitamani kwa moyo wake wote kubaki pale kwa amani karibu na mzee Bilbo, akajisikia akisema kwamba ataichukua, ingawa njia haijui. Sisi tuliofunzwa kwamba uongozi haufai kupewa yule anayeuomba, na tuliokwisha kuwaona waliouomba wakipewa, hatuhitaji kufasiriwa baraza lile. Asiyetaka anaaminika.

Hata hivyo lau mambo yangalikwisha kwa Frodo kushinda, ningalikihesabu kitabu hicho kuwa hekaya nzuri na basi. Frodo anashindwa. Baada ya njaa, jeraha, sumu na kiu, anafika kwenye tundu la moto ambamo pete haina budi kutupwa, na hapo hasa, hatua ya mwisho, anatangaza kwamba pete ni yake na hataitupa. Wako wasomaji wanaomlaumu, nami nimesikia mabishano makali juu ya ukurasa huo. Kwangu mimi huo ndio ukurasa unaonifanya nisadiki kurasa zilizotangulia. Mtu aliyesema mapema kwamba jambo hili linapita uwezo wake alikuwa amesema kweli, si adabu tu. Kinachoikamilisha kazi ni Gollum, kiumbe dhalili aliyeipoteza pete hiyo zamani na kuifuata mpaka huko, ambaye anakiuma kidole cha Frodo, anakitwaa pamoja na pete yake, na kwa furaha yake anateleza na kuanguka motoni. Na Gollum alikuwa hai kwa sababu Bilbo, miaka mingi nyuma, alimpata gizani akiwa na uwezo wa kumchoma kwa upanga, akamhurumia, akamruka na kwenda zake.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wengi wa kitabu hawalijui. Katika chapa ya kwanza ya mwaka 1937 huruma hiyo haimo. Gollum wa chapa ile aliahidi zawadi akishindwa katika mchezo wa vitendawili, na alipoikosa pete yake aliomba radhi na kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Ni katika chapa ya mwaka 1951 ndipo huruma hiyo ilipoingia: Tolkien, akiwa katika kuiandika riwaya yake kubwa na kujua nini kinahitajika mwishoni mwake, alirudi nyuma akaigeuza sura hiyo ya vitendawili, akamfanya Gollum mwuaji, na akampa mwizi wake mwoga dakika ile ya kuushusha upanga. Mwandishi aliitafuta kwa miaka mingi silaha itakayowafaa watu wadogo, na alipoipata ilikuwa ni kutokuua.

Ursula K. Le Guin, Mmarekani, alikuwa na njia yake mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1968, A Wizard of Earthsea, ambacho watu wa visiwani na majahazini watajiona nyumbani ndani yake, kwa kuwa ulimwengu wake wote ni bahari na visiwa, na watu wake wengi ni weusi au wekundu wa maji ya kunde. Kijana Ged si mnyenyekevu hata kidogo. Kwa kiburi, akishindana na mwanafunzi mwenziwe, anaita roho ya mfu, na pamoja nayo kikatoka kivuli kinachomwinda. Kusita kwake ni kukimbia: anakimbia kisiwa hadi kisiwa, nasi twamwangalia kwa masikitiko, lakini bado tuko mbali naye. Mwalimu wake wa kwanza, Ogion, anamshauri ageuke akiwinde kile kinachomwinda. Na tangu anapougeuza mtumbwi wake, hali akiogopa vile vile kama jana, tunaingia naye chomboni. Kwa hiyo hofu peke yake haikutosha hata kwa mwandishi stadi kama huyo. Ilibidi hofu iulizwe swali.

Waigaji wao, nao ni wengi, wameichukua sura ya nje ya jambo hili wakauacha moyo wake. Kijana wa shamba anakataa kwenda katika sura ya pili, katika sura ya tatu nyumba yao inachomwa moto ili asiwe na pa kubaki, katika sura ya tano ameufurahia upanga, na kufika sura ya kumi imebainika kwamba alikuwa mwana wa mfalme tangu hapo. Huko si kusita, ni kubisha hodi kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa. Kuichoma nyumba ya shujaa mapema namna hiyo ni uvivu wa mwandishi, maana akiisha kumwondolea cha kupoteza amemwondolea na ushujaa wenyewe. Bilbo nyumba yake ilibaki imesimama, mlango wake umepakwa rangi, na kila usiku wa mvua njiani aliifikiria birika yake. Hata filamu za Peter Jackson za miaka ya 2001 hadi 2003, zilizotokana na The Lord of the Rings, ambazo kwa mengi ni kazi ya heshima, ziliiacha sura ya karibu na mwisho ambamo wasafiri wanarudi kwao na kukuta nchi imeshikwa na majambazi, miti imekatwa, na watu wakubwa wa mji wako kifungoni. Naiona ni hasara, kwa sababu humo ndimo tunamwona Frodo alivyokuwa baada ya yote.

Majambazi wanafukuzwa kwa vita, na viongozi wa vita hivyo ni vijana wawili, Merry na Pippin, waliorudi na deraya zinazong'aa na vimo vilivyorefuka kwa vinywaji vya ajabu, wakipita barabarani wanaimba na watu wakiwatazama kwa fahari. Frodo hakuchomoa upanga. Siku nzima alikuwa akiwazuia wenziwe wasiwaue maadui waliokwisha kusalimu amri. Majirani hawakujua la kumfanyia. Sam alihuzunika kuona jinsi heshima ya bwana wake ilivyokuwa ndogo katika nchi yake mwenyewe, na Frodo alimficha Sam maumivu yaliyomrudia kila mwaka, tarehe 6 Oktoba na tarehe 13 Machi, siku alizojeruhiwa. Meya wa nchi ile, mzee Will Whitfoot, alikuwa ametolewa gerezani amekonda kwa njaa hawezi kazi, basi wakamwomba Frodo akae mahali pake mpaka apone. Alikubali kuwa naibu, kwa muda huo tu. Katika muda wake wa madaraka alifanya jambo moja: aliwapunguza askari wa mji, ambao majambazi walikuwa wamewaongeza, akawarudisha kwenye idadi yao ya zamani na kazi zao za zamani, kisha akamrudishia mzee Whitfoot kiti chake.